Simu, Daktari na Uvumi: Namna Wairani Wanavyotafuta Taarifa za Afya

Iran iliunganishwa na intaneti mwaka 1993, kupitia taasisi ya utafiti wa fizikia na hisabati iliyopo Tehran, mapema kuliko karibu nchi zote za Mashariki ya Kati, lakini kwa muda mrefu huduma hiyo ilibaki mali ya vyuo vikuu, ofisi na familia zenye uwezo wa kununua kompyuta. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2014, makampuni ya simu yaliporuhusiwa kusambaza kwa upana intaneti ya kasi ya kizazi cha tatu na cha nne, na katika miaka michache simu janja zikawa mikononi mwa wakulima, madereva na akina mama wa nyumbani. Taifa hilo lenye watu zaidi ya milioni 85, wengi wao wakiwa wanajua kusoma na kuandika, halina tena upungufu mkubwa wa vifaa. Kinachoamua kama mgonjwa wa Iran atapata jibu la kweli ni mambo mawili mengine: njia zipi zimeachwa wazi siku ile anapouliza, na ni nani anayemwamini miongoni mwa wale wanaomjibu.

Kabla ya simu palikuwapo nyumba ya afya. Tangu miaka ya 1980 Iran ilijenga mtandao wa vituo vidogo vya vijijini, ambavyo sasa vimepita 17,000, na kila kimoja kwa kawaida huhudumia watu wapatao 1,500. Mhudumu wake, anayeitwa behvarz, huchaguliwa miongoni mwa wenyeji na kufundishwa kwa miaka miwili, kisha hurudi kwao kupima wajawazito, kuchanja watoto na kuwafuatilia wazee wenye shinikizo la damu. Ukutani mwa nyumba hizo palibandikwa chati kubwa ya duara iliyogawanywa kwa miezi, na mhudumu aliijaza kwa mkono kila mtoto alipozaliwa na kila mtu alipofariki, hata mgeni aliyeingia aliweza kuusoma mwaka mzima wa kijiji kwa kuitupia jicho mara moja. Katikati ya miaka ya 2010 chati na madaftari hayo vilianza kuhamishiwa kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao Sib, unaounganisha vituo vya afya ya msingi na Wizara ya Afya. Mfumo huo umeisaidia sana wizara kuijua hali ya wananchi, ingawa haukujengwa kwanza ili mwananchi aijue hali yake mwenyewe; na yeyote aliyezoea kusoma chati ile ya ukutani sasa humtegemea mtu aliyekaa mbele ya kompyuta amwambie yaliyomo.

Tafiti nyingi zilizofanywa na vyuo vikuu vya tiba vya Iran, ambavyo tangu mwaka 1985 vimewekwa chini ya wizara ileile inayosimamia hospitali, zimerudia jambo moja: chanzo kinachoaminiwa zaidi ni daktari, na jamaa na marafiki nao wana nafasi kubwa, ilhali intaneti hutumika kwa wingi bila kuaminiwa kwa kiasi hicho. Matumizi hayo huizunguka ziara ya hospitali pande zote mbili. Kabla ya kwenda, mtu hutafuta dalili zake ili ajue aende kwa daktari wa aina gani. Baada ya kurudi, kwa kuwa muda wa kuonana na daktari katika zahanati zenye msongamano ni mfupi, hutafuta jina la ugonjwa aliloambiwa, madhara ya vidonge alivyopewa na maana ya namba zilizoandikwa kwenye majibu ya maabara.

Utafutaji wenyewe una matatizo ambayo mtu asiyeandika Kiajemi hawezi kuyaona. Lugha hiyo huandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyoongezewa herufi chache, na baadhi ya herufi, hususan kafu na ye, zina maumbo mawili yanayokaribiana sana machoni ambayo kompyuta huyahesabu kuwa herufi tofauti, moja ikitoka kwenye kibodi ya Kiarabu na nyingine kwenye kibodi ya Kiajemi. Ipo pia ile inayoitwa nusu-nafasi, alama isiyoonekana ambayo huvitenga viungo vya neno bila kulikata neno lenyewe, na ambayo waandishi wengi huiacha au huweka nafasi kamili badala yake. Mitambo mikubwa ya kutafuta imejifunza kuzisamehe tofauti hizi, lakini visanduku vya utafutaji vya tovuti ndogo mara nyingi humjibu mgonjwa kwamba hakuna kilichopatikana, ilhali dawa aliyoiandika imo. Anayesoma Kiingereza huikwepa taabu hiyo kwa kuingia moja kwa moja kwenye tovuti za hospitali za Marekani na Ulaya. Asiyekisoma hubaki na makala za Kiajemi ambazo nyingi zimeandikwa na zahanati za biashara zinazotafuta wateja, na hapo tofauti ya elimu hugeuka kuwa tofauti ya afya.

Katika mambo ya kila siku, hata hivyo, teknolojia imewarahisishia watu kazi kwelikweli. Miadi ya daktari, ambayo zamani ilihitaji kupiga simu asubuhi mpaka laini ipatikane, sasa huwekwa kupitia huduma kama Paziresh24, na kampuni ya Snapp, iliyoanza kwa teksi za kuitwa kwa simu, ina tawi linalomwezesha mgonjwa kuzungumza na daktari akiwa kwake. Kila daktari aliyesajiliwa ana namba ya Baraza la Madaktari, ambayo huandikwa kwenye kibao cha zahanati na kwenye muhuri wake, na mwananchi anaweza kuitafuta katika tovuti ya baraza hilo ili ajue kama mtu huyo ni daktari kweli na ana ubingwa gani. Uhakiki huo una umuhimu wa pekee katika nchi iliyojaa matangazo ya upasuaji wa kurekebisha pua, ambapo picha za kabla na baada ya upasuaji hujaa Instagram na ambapo si kila mwenye sindano ya urembo amesomea udaktari. Hata wagonjwa wa nje huanzia kwenye simu: wengi kutoka Oman, nchi yenye jamii kubwa ya wazungumzaji wa Kiswahili, huenda Shiraz kutibiwa baada ya kupanga safari kwa ujumbe na kutuma picha za vipimo vyao mapema.

Maagizo ya dawa nayo yameacha karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 vile vijitabu vya bima ambavyo kila familia ilivihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa viliondolewa, na daktari akatakiwa kuandika dawa katika mfumo wa kielektroniki. Mgonjwa huenda kwenye duka la dawa akiwa na namba yake ya taifa, yenye tarakimu 10, pamoja na namba ya ufuatiliaji iliyotumwa kwenye simu yake. Faida ni kubwa, kwa sababu mwandiko wa daktari uliokuwa hausomeki kwa mtu yeyote umekwisha na kumbukumbu ya dawa zilizotolewa hubaki. Hasara hujitokeza siku mfumo unapokatika, kwani foleni hurefuka mbele ya mfamasia ambaye dawa anazo kabatini lakini hawezi kuona kilichoagizwa.

Sehemu kubwa ya mazungumzo ya afya, pamoja na hayo yote, hufanyika nje ya mifumo rasmi. Tovuti ya Ninisite, iliyoanza kama mahali pa akina mama kuulizana kuhusu ujauzito na malezi, imekuwa hazina kubwa ya uzoefu wa wanawake wa kawaida, wenye hekima nyingi na makosa mengi ndani yake. Telegram ilipofikia watumiaji wapatao milioni 40 nchini humo, madaktari, wafamasia na vyama vya wagonjwa walifungua idhaa zao humo, hadi mahakama ilipoagiza ifungwe tarehe 30 Aprili 2018. Instagram na WhatsApp zilifuata Septemba 2022, wakati wa maandamano yaliyozuka baada ya kifo cha kijana Mahsa Amini mikononi mwa polisi. Watumiaji wengi hawakuondoka; walinunua VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano kupitia nchi nyingine ili yasionekane na kuzuiwa, na Wairani huiita kivunja-mchujo. Serikali imehimiza programu za ndani kama Bale, Eitaa, Soroush na Rubika, ambazo ni za bei nafuu na hufanya kazi bila VPN, lakini wako wengi wasiokuwa na imani na usiri wake. Mtu anaweza kuomba humo ratiba ya chanjo bila wasiwasi. Mwenye virusi vya UKIMWI, au kijana mwenye sonona, atafikiri mara mbili kabla ya kuandika neno hata moja.

Madhara ya kukosekana kwa imani yalionekana wazi katika majuma ya kwanza ya UVIKO-19. Serikali ilitangaza wagonjwa wa kwanza tarehe 19 Februari 2020 katika mji wa Qom, wiki chache tu baada ya kukanusha kwa siku tatu kwamba jeshi lilikuwa limeidungua ndege ya abiria ya Ukraine na kuua watu 176, kisha kukiri. Wananchi wengi waliipokea habari ya ugonjwa huku wakiamini kwamba wanafichwa mengine. Katika hali hiyo ukasambaa mitandaoni uvumi kwamba wapo wageni waliopona virusi kwa kunywa pombe kali iliyochanganywa na asali, na kwa kuwa pombe imepigwa marufuku kwa Waislamu nchini Iran, waliouamini uvumi huo walikwenda kununua kwa wauzaji wa kificho.

Walichouziwa wengi wao kilikuwa methanoli. Huo ni ulevi wa viwandani unaofanana kwa harufu na sura na ule unaonywewa, lakini ini huugeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho na kuvuruga mwili mzima, nao ulevi wake huja kwanza ndipo sumu ifuate saa kadhaa baadaye, wakati mnywaji amekwisha kulala akidhani amejikinga. Sheria ya Iran inawataka watengenezaji kutia methanoli rangi ili watu waitambue. Wauzaji wa kificho waliiondoa rangi hiyo kwa dawa ya kung'arishia nguo, wakaiuza kama kinywaji. Mamia ya watu walifariki, wengi wakiwa katika mikoa ya Khuzestan na Fars, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Wamo hata watoto walionyweshwa na wazazi waliodhani wanawalinda. Ni makosa kuilaumu simu peke yake kwa msiba huo. Uvumi ulipita kwenye simu, lakini aliyetaka kuuhakiki hakuwa na mahali pa kuuliza swali la pombe bila kujitia hatiani, na aliyejitokeza kukanusha alikuwa na sauti ileile ya serikali ambayo watu walikuwa wameacha kuisikiliza.

Wizara ilianzisha namba ya simu 4030 ya kujibu maswali ya UVIKO-19 pamoja na tovuti ya kujipima dalili, na huduma hizo zilitumiwa na watu wengi. Jaribio jingine lilikwenda vibaya: programu iliyoitwa AC19, ambayo wananchi walihimizwa na wizara waiweke kwenye simu ili wajue kama wana dalili, ilikuwa ikiomba pia ruhusa ya kujua mahali mtumiaji alipo, na Google iliiondoa katika duka lake mwezi Machi 2020. Programu ya afya inayouliza mtu yuko wapi kabla ya kumwambia anaumwa nini haiwezi kushangaa ikikosa marafiki.

Katika majuma hayohayo ulikuwapo ushindani mwingine, wa tiba za jadi. Iran ni nchi ya Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037 na ambaye kaburi lake lipo Hamadan, na fikra za tiba yake, zinazogawa maumbile na vyakula kuwa vya joto na vya baridi, bado zinaongoza meza za chakula na maduka ya miti shamba. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar atautambua mgawanyo huo, kwa kuwa waganga wa pwani nao waliurithi kupitia tiba ya Kiarabu. Vyuo vikuu vya Iran hufundisha tiba hiyo kama taaluma, na walimu wake hawasemi kwamba inafuta tiba ya kisasa. Mbali nao lipo kundi linalojiita la tiba ya Kiislamu, lililojijenga hasa kwenye Telegram na mitandao mingine. Mwezi Januari 2020 ilisambaa video ya kiongozi wake mashuhuri, Abbas Tabrizian, akichoma nakala ya kitabu maarufu cha Harrison kinachotumika kufundishia madaktari duniani kote. Viongozi wa dini na maofisa wa afya walilaani kitendo hicho, lakini wafuasi wa idhaa yake waliendelea kupokea maagizo ya kutibu virusi vipya kwa mafuta ya mimea.

Wanawake ndio wanaokumbana na milango mingi zaidi iliyofungwa. Mfumo wa kuchuja intaneti, uliokusudiwa kuzuia picha za ngono, hunasa pia maneno yanayotaja viungo vya mwili, na mwaka 2022 utafutaji wa Google nchini humo ulipolazimishwa kupitia ile hali iitwayo utafutaji salama, ambayo huficha chochote kinachodhaniwa kuwa cha aibu, anayetafuta habari za saratani ya matiti alijikuta ameingizwa katika kapu moja na mtafuta ponografia. Pengo hilo limejazwa kwa sehemu na Wairani walio ng'ambo. Programu ya Hamdam, iliyotolewa mwaka 2017, humsaidia mwanamke kufuatilia siku za hedhi kwa Kiajemi na kwa kalenda ya jua ya Iran, ambayo miezi yake sita ya mwanzo ina siku 31 na ile mitano inayofuata ina siku 30, kwa hiyo programu za kigeni zenye kalenda ya Ulaya humlazimisha mtumiaji kufanya hesabu kichwani. Ndani ya programu hiyohiyo kuna maelezo ya magonjwa ya zinaa na ya haki ambazo mwanamke anaweza kuziandika katika mkataba wa ndoa, jambo ambalo si rahisi kulikuta katika kijitabu cha zahanati.

Hali hiyo inasikitisha zaidi mtu akikumbuka kwamba Iran ilikuwa mfano wa dunia katika uzazi wa mpango. Kuanzia mwaka 1989 wahudumu wale wa nyumba za afya waligawa vidhibiti mimba bila malipo, wachumba wakapewa mafunzo kabla ya ndoa, na wastani wa watoto kwa kila mwanamke ukashuka kutoka takriban sita katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu wawili mwanzoni mwa karne hii. Sera imegeuka. Sheria ya mwaka 2021 ya kuongeza idadi ya watu imezuia ugawaji wa bure wa vidhibiti mimba katika vituo vya umma, imebana vipimo vya kasoro za mtoto aliye tumboni, na imeagiza taarifa za wajawazito zinazotoka maabara na zahanati ziingizwe katika mfumo wa kielektroniki wa wizara. Mwanamke anayejua kwamba kipimo chake cha mimba kitaandikwa mahali fulani huwa na sababu ya kununua kipimo cha nyumbani na kuuliza swali lake kwa mtu asiyemfahamu mtandaoni. Mtu huyo anaweza kuwa mkunga mwenye uzoefu au mchuuzi wa vidonge bandia, na picha ya wasifu haitofautishi.

Kuhusu dawa zenyewe, swali la Wairani wengi tangu Marekani ilipojitoa katika mkataba wa nyuklia mwezi Mei 2018 na kurudisha vikwazo si tu dawa hii hufanya nini, bali inapatikana wapi. Kisheria dawa hazimo katika vikwazo, lakini benki na wauzaji wa nje huogopa kufanya biashara na Iran. Baada ya kampuni moja ya Sweden kusitisha mauzo, watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kwa kuguswa tu, ambao Wairani huwaita watoto wa kipepeo, walikosa bandeji maalumu zisizonata kwenye vidonda. Familia zenye mgonjwa wa aina hiyo hupiga 190, namba ya Wizara ya Afya, kuuliza duka lenye akiba, huandika maombi mitandaoni, na wengine huishia mtaa wa Naser Khosrow katikati ya Tehran, unaojulikana kwa soko lake la magendo la dawa. Mamlaka ya Chakula na Dawa imeweka kinga yenye manufaa dhidi ya dawa bandia: pakiti hubandikwa lebo ya uhalisi yenye namba ambayo mnunuzi huituma kwa ujumbe wa simu au kuiandika mtandaoni, naye hujibiwa kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Dawa ya magendo, bila shaka, haina lebo.

Vikwazo hivyo huzuia taarifa pia. Huduma kadhaa za kampuni za Marekani hazifunguki kwa anwani za intaneti za Iran, na kampuni ya OpenAI haiiorodheshi nchi hiyo miongoni mwa zile inazozihudumia kwa ChatGPT, kwa hiyo Mwirani anayetaka kuiuliza mashine kuhusu majibu yake ya damu hupita kwanza kwenye mchujo wa serikali yake, kisha kwenye kizuizi cha upande wa pili, kwa kutumia VPN ileile ambayo huenda imetengenezwa na mtu anayevuna siri zake.

WhatsApp ilifunguliwa tena mwezi Desemba 2024, na familia zikarudi kutumiana picha za eksirei na sauti za shangazi aliye daktari Ujerumani. Telegram na Instagram zikabaki zimefungwa. Katika vita vya Juni 2025 na Israel intaneti ilikatwa karibu yote kwa siku kadhaa, kama ilivyokatwa kwa takriban wiki moja mwezi Novemba 2019. Namba 115 ya huduma za dharura na 190 ya wizara hupigwa kwa simu ya kawaida, na hazihitaji intaneti.